Ndugu Watano na Pambio la Hotelini

Mwaka 1969, mjini Mombasa, vijana watatu wa nyumba moja waliunda bendi wakaiita Avenida Success. Walikuwa Teddy Kalanda, Billy Sarro na George Ziro, wote wakimalizia na jina la Harrison. Jina la bendi lilikuwa la kuazima, kama la bendi nyingi za pwani wakati ule: ukiona jina la kizungu mlangoni, ulijua ndani kuna gita la umeme. Mwaka 1972 walilitupa wakajiita Them Mushrooms, na baadaye wakajulikana pia kwa jina la Uyoga. Ndugu wengine wawili, Dennis Kalume na John Katana, wakaingia, na wanamuziki wachache wa nje wakaongezwa, lakini uti wa mgongo ulibaki ule ule: watoto wa Harrison.

Habari zao husimuliwa kama habari za wimbo mmoja, Jambo Bwana. Ni kweli wimbo huo umewabeba. Lakini nikitazama kutoka upande wa pili wa kivuko cha Likoni, kutoka Diani, Ukunda na Msambweni, naona mambo mawili ambayo wasimulizi huyapita haraka. La kwanza ni kwamba bendi hii ilidumu kwa sababu ilikuwa familia. La pili ni kwamba wimbo wao umejengwa kama yale mapambio yanayoimbwa makanisani, na ndiyo maana umeweza kuimbwa na watu ambao hawajui hata neno la tatu la Kiswahili.

Bendi za ndugu si kitu kigeni katika ukanda huu. Toka Ukunda ushike barabara ya Lunga Lunga, vuka mpaka, utafika Tanga, mji uliowalea ndugu wa Kinyonga. Wilson Peter Kinyonga na mdogo wake George walipitia Jamhuri Jazz huko kwao, wakaenda Arusha, kisha wakaingia Kenya na kuanzisha Simba Wanyika mwaka 1971. Mwaka 1978 bendi ile ilipasuka: wapigaji wa nje waliondoka kwa mkupuo wakaunda Les Wanyika, na muda si mrefu wakavuma kwa Sina Makosa. Waliobaki na jina la Simba Wanyika walikuwa ndugu. Hata hivyo mnamo 1980 George naye akaanzisha kundi lake pembeni, Orchestra Jobiso, bila kuiacha bendi ya kaka yake. Damu haizuii ugomvi wala tamaa. Inachofanya ni kumpa mtu mlango wa kurudia.

Kusini mwa Likoni wimbo ulikuwa wa ukoo kabla haujawa wa bendi. Wadigo wana sengenya, ngoma kadhaa za ukubwa tofauti zikipigwa pamoja na upatu, na nzumari juu yake ikibeba sauti kama mtu anayelia na kucheka kwa pumzi moja. Wadigo na Waduruma wote wana kayamba, ule ubao wa matete wenye mbegu ndani, unaotikiswa harusini na kwenye uganga wa pepo vilevile. Mpigaji nzumari hakusoma shule ya muziki. Alikaa karibu na baba au mjomba mpaka mashavu yake yakajua kazi. Ndiyo maana hadi leo ukiuliza nani apige ngoma katika sherehe, huletewa jina la nyumba kabla ya jina la mtu.

Kanisa lilichelewa huku. Mmishonari Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na miaka miwili baadaye yeye na Johannes Rebmann wakahamia Rabai. Wamethodisti wakaanza Ribe mwaka 1862. Mwaka 1875 Freretown ikajengwa kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani. Vituo vyote hivyo viko upande wa kaskazini na magharibi ya kisiwa cha Mombasa. Charles New, mmishonari wa Ribe, alipita pwani ya kusini mwaka 1871 kwa njia ya Vanga, lakini alikuwa safarini kuelekea Kilimanjaro. Udigo kwake ilikuwa njia. Wadigo wenyewe walikuwa wakiingia katika Uislamu, na kufikia mwanzoni mwa karne ya 20 dini hiyo ilikuwa imekita mizizi katika vijiji vyao. Kwa hiyo Rabai na Freretown zilipokuwa tayari na vizazi vya watu waliokulia kwenye vitabu vya tenzi, Tiwi na Gazi zilikuwa na maulidi, na ngoma za harusi zilikuwa za chakacha.

Kwaya zilipokuja Kwale, kwenye pwani hii ya kusini, zilikuja na kazi. Kiwanda cha sukari cha Ramisi, karibu na Msambweni, kiliita vibarua kutoka kila upande. Miongoni mwao walikuwa Wamakonde kutoka Msumbiji, ambao wazao wao waliishi Makongeni bila uraia mpaka mwaka 2016, walipofunga safari kwa miguu kuelekea Ikulu ya Nairobi na hatimaye wakapewa vitambulisho. Shimba Hills ilipewa walowezi wa Kikamba waliokuja na kanisa lao na nyimbo zao. Mwalimu, karani wa wilaya, askari na muuguzi wa hospitali ya Msambweni, wengi wao watu wa bara, walikutana Jumapili chini ya bati. Kwaya ya aina hiyo huwa ya kuunga: besi Mluo, alto Mtaita, anayeanzisha wimbo Mkamba, na lugha ya kukutania ni Kiswahili. Katika mazingira hayo familia moja yenye sauti nne ni hazina. Haina haja ya kusubiri mazoezi ya Jumamosi, imefanya mazoezi jikoni wiki nzima.

Wakati Kenya inapata uhuru, watu wa pwani tayari walikuwa wameonyesha jinsi wimbo wa nyumbani unavyoweza kupanda hadi mahali pa ibada. Tume ya watu watano iliyotengeneza wimbo wa taifa mwaka 1963, Graham Hyslop, Thomas Kalume, Peter Kibukosya, Washington Omondi na George Senoga-Zake, ilichukua wimbo wa kubembelezea mtoto wa Wapokomo wa mto Tana, uliotolewa na Mzee Meza Moroa Galana, ikautia maneno ya sala. Kalume alikuwa kasisi wa huku huku pwani. Mama wa Kipokomo alikuwa akimlaza mwanawe, leo majeshi yanasimama wima. Sijui mfano mzuri zaidi wa njia ambayo nyimbo zetu hupita: nyumba, kisha kanisa, kisha uwanja. Wimbo wa ndugu wa Harrison ulifika uwanjani kwa mlango wa hoteli.

Kuna familia moja ya mbali iliyoijua njia hiyo vizuri. Roebuck Staples alizaliwa Mississippi mwaka 1914, akakulia kwenye shamba la pamba, akahamia Chicago na kufanya kazi machinjioni. Mwaka 1948 alianza kuimba kanisani na watoto wake, akiwafundisha sauti nyumbani kwa gita, kila mtoto na mstari wake. Wakaitwa The Staple Singers. Uncloudy Day ya mwaka 1956 iliwapa jina miongoni mwa Wakristo weusi. Katika miaka ya 1960 waliimba karibu na Martin Luther King, na mwaka 1972, wakiwa kampuni ya Stax, I'll Take You There ikashika namba moja Marekani. Mwaka mmoja kabla yake walikuwa wameimba Accra, Ghana. Waumini wengine walinung'unika kwamba familia imeuza injili kwa dunia. Roebuck alikuwa baba na pia kiongozi wa bendi, na mwenye mfuko wa pesa alikuwa mtu ambaye watoto hawangeweza kumwambia ameiba. Bendi nyingi za Mombasa zilivunjika hasa kwa sababu ya mfuko huo.

Turudi Mombasa. Miaka ya 1970 ufuko ulikuwa ukijengwa mbio, Nyali na Bamburi upande wa kaskazini, Diani upande wa kusini. Diani ilikuwa na Jadini, Two Fishes, Leisure Lodge, Africana Sea Lodge, Robinson Baobab na nyingine, zimejipanga kando ya barabara moja kati ya msitu wa mbega na bahari, si mbali na msikiti wa Kongo uliosimama pale karne kadhaa kabla mtalii wa kwanza hajashuka. Mwishoni mwa muongo huo uwanja wa ndege wa Mombasa ulipanuliwa, na ndege za kukodi zikawa zinatua moja kwa moja kutoka Ujerumani, Uswisi, Italia na Uingereza. Mgeni alitoka theluji asubuhi, jioni yuko kwenye kiti chini ya makuti na bia mkononi, na saa mbili usiku alitarajia muziki.

Kazi ya bendi ya hoteli ilikuwa kibarua kama cha mpishi au mtunza bustani, na ilifuata pepo. Kaskazi inapovuma, kati ya Desemba na Machi, vyumba hujaa. Masika yakianza, kusi huchafua bahari, mwani hujaa ufukweni, hoteli nyingine hufunga kabisa na wapigaji hurudi kwao mikono mitupu. Meneja alitaka muziki usiozidi mazungumzo ya mezani, na saa nne usiku alitaka watu wasimame wacheze. Alitaka rumba kidogo, chakacha kidogo, wimbo wa siku ya kuzaliwa kwa bibi wa meza ya sita, na zaidi ya yote alitaka nyimbo ambazo mgeni amezisikia kwao. Ala zilikuwa ghali. Mpigaji mmoja akiugua malaria, bendi nzima ingeweza kupoteza mkataba.

Hapo ndipo familia inaposhinda. Ndugu anayeumwa nafasi yake hushikwa na ndugu mwingine ambaye tayari anajua wimbo. Ala hununuliwa kwa pamoja na hulala nyumba moja. Wakati wa masika chungu ni kimoja. Mpigaji wa kuajiriwa akiahidiwa shilingi mia zaidi ng'ambo ya barabara huondoka usiku huo huo, na huenda na nyimbo kichwani. Nisieleweke kwamba ndugu hawagombani. Nimeona kwaya za familia Ukunda zikinyamaza miezi kwa sababu ya shamba la urithi. Lakini ugomvi wa nyumbani una wazee wa kuusuluhisha, na bendi ya hoteli haikuwa na chama wala wakili.

Them Mushrooms hawakutaka kubaki waigaji wa nyimbo za watu. Walianza kupiga rege wakati bendi nyingi za Kenya zilikuwa bado zimezama kwenye rumba na benga, na mara nyingi hutajwa kama waanzilishi wa rege katika Afrika Mashariki. Rege yenyewe ilikuja ikiwa na Biblia ndani yake. Rivers of Babylon, wimbo wa The Melodians wa Jamaika wa mwaka 1970, umetokana na Zaburi ya 137, ile ya mateka walioketi kando ya mito ya Babeli na kuambiwa na waliowateka wawaimbie. Mwaka 1978 Boney M, kundi lililoundwa Ujerumani na mtayarishaji Frank Farian, wakaufanya wimbo wa disko, na kwa miaka iliyofuata hapakuwa na bendi ya hoteli pwani ambayo ingeweza kuukwepa. Mjerumani aliuomba, bendi ikaupiga, watu wakacheza. Ukiitazama vizuri ile zaburi, inasimulia hali ya mwanamuziki wa hoteli neno kwa neno. Sidhani kama kuna aliyekuwa na nafasi ya kuitazama, saa nne usiku.

Kutoka kwenye mazingira hayo ndipo Jambo Bwana ilipozaliwa. Them Mushrooms walikuwa wakipiga katika hoteli ya Severin, Bamburi, na Teddy Kalanda aliwasikia wageni wakijaribu maneno yao machache ya Kiswahili, salamu na kuulizana hali, wakiyarudia kwa furaha ya mtoto anayejifunza kutembea. Akayapanga yawe wimbo. Ulitoka kwa santuri mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Sikiliza jinsi ulivyojengwa. Kiongozi anatupa kipande kifupi, wengine wanajibu. Maneno hayazidi yale ambayo mgeni huyapata siku ya kwanza mapokezini. Hakuna ubeti unaohitaji kukumbukwa ili kuingia ubeti unaofuata. Ukichelewa, unadandia popote. Mtu aliyekulia kanisani pwani anaitambua mbinu hiyo mara moja. Kanisani kuna nyimbo za kitabu, zenye beti nne na noti, na kuna mapambio, ambayo hayana kitabu: mmoja anaanzisha, mara ya pili kanisa zima limeshika, mara ya nne makofi, mara ya sita hata aliyeingia kwa bahati mbaya anaimba. Mwinjilisti wa barabarani hutumia mapambio kwa sababu umati wake haujui kitu. Mwanamuziki wa hoteli alikuwa na umati wa namna ile ile. Simwambii Teddy Kalanda alichokuwa nacho akilini. Nasema tu kwamba wimbo huu unafanya kazi ambayo pambio hufanya, na kwa vifaa vile vile. Toleo la mwanzo lilikuwa pia na mzaha kuhusu uyoga na makali yake, mchezo juu ya jina la bendi. Matoleo mengi yaliyofuata yaliuacha mzaha huo, kwa kuwa hautafsiriki kwa mtalii.

Na matoleo yalifuata kweli. Mwaka 1983 Boney M, wale wale wa Zaburi ya 137, walitoa lao wakaliita Jambo – Hakuna Matata. Safari Sound Band, bendi nyingine ya hoteli za pwani, walirekodi toleo ambalo wageni wengi walilibeba kwenda kwao kama kaseti ya ukumbusho. Mombasa Roots, nao wakali wa chakacha ya kisasa, waliuimba. Khadja Nin wa Burundi aliuimba. Kwa ndugu wa Harrison matunda yalionekana: kufikia mwaka 1987 santuri yao ilikuwa imeuza nakala zaidi ya 200,000, na Teddy Kalanda akapewa tuzo ya platinamu. Kwa soko la Kenya wakati ule hicho kilikuwa kiasi cha kushangaza.

Lakini nakala za santuri ni sehemu ndogo ya maisha ya wimbo huu. Sehemu kubwa iko kwenye kumbi za chakula. Kuanzia Diani hadi Msambweni, kila jioni ya msimu, wimbo huu umepigwa na bendi za watu watatu wenye gita na kayamba wanaozunguka meza, na vijana wa sarakasi kabla ya kupanda piramidi, na wahudumu wanaoleta keki, na timu ya animesheni kando ya bwawa saa nne asubuhi. Chama cha haki za wanamuziki, MCSK, kilianzishwa mwaka 1983, na sheria ya hakimiliki ilikuwapo tangu 1966. Kati ya sheria hiyo na meza ya sita kulikuwa na umbali mrefu kuliko Likoni na Nairobi. Nani angeandika kwamba jana usiku wimbo umepigwa mara tatu katika hoteli moja ya Diani? Kwa bendi ya kijijini wimbo ulikuwa tayari wa watu wote, kama pambio, na pambio halina mwenyewe. Hapo ndipo sifa ya wimbo ilipomgeukia mwenye wimbo. Kadiri ulivyokuwa rahisi kuimbwa, ndivyo ilivyokuwa rahisi kusahau kwamba kuna mtu aliyeuandika.

Kisha Hollywood ikafika. Mwaka 1994 Disney ilitoa The Lion King, filamu yenye wimbo tofauti kabisa unaotumia maneno yale mawili, hakuna matata, ambayo kila dereva wa teksi wa Ukunda huyasema, na mwaka huo huo ikaomba kuyasajili Marekani kama alama yake ya biashara kwenye mavazi. Usajili ulikamilika mwaka 2003. Watu wa Afrika Mashariki waliamka mwaka 2018, pale mwanaharakati wa Zimbabwe, Shelton Mpala, alipoanzisha ombi la mtandaoni la kupinga. Kelele zilikuwa kubwa, na zilikuwa za haki. Ila wengi waliopiga kelele juu ya maneno hayo walikuwa wamecheza wimbo wa Teddy Kalanda harusini bila kujua jina lake.

Lakini turudi nyuma kidogo. Mwaka 1987, mwaka ule ule wa tuzo, bendi ilihama Mombasa ikaenda Nairobi. Uamuzi huo una maana kwa anayejua kazi ya hoteli. Pwani mwanamuziki anaimbia watu wanaoondoka baada ya wiki mbili. Nairobi alikuwa na hadhira inayorudi Ijumaa ijayo na kudai kitu kipya. Huko ndugu wakawa pia watunzaji wa muziki wa waliowatangulia. Walifanya kazi na Fundi Konde, gwiji wa pwani aliyezaliwa mwaka 1924 na kutamba tangu miaka ya 1940, na kumrudisha masikioni mwa watu ambao wazazi wao walimcheza. Walifanya kazi pia na Malika, mwimbaji wa taarabu. Familia inayojua kupokeana sauti nyumbani haipati shida kumpokea mzee wa nje.

Pwani ya kusini, huku nyuma, ikaingia kwenye miaka mibaya. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kundi lenye silaha lilivamia kituo cha polisi cha Likoni na kivuko, likaua askari na kuteketeza vibanda. Katika wiki zilizofuata mashambulizi yalisambaa hadi Diani na maeneo mengine ya Kwale, yakiwalenga watu wa bara. Zaidi ya watu 100 waliuawa, na takriban 100,000 walikimbia makazi yao. Maelfu walilala katika uwanja wa kanisa Katoliki la Likoni. Waliokimbia walikuwa wale wale waliotajwa hapo juu: mwalimu, muuguzi, mhudumu wa hoteli, besi na alto. Kwaya za Ukunda zilivunjika ndani ya wiki moja. Wageni nao wakafuta safari, na hoteli kadhaa za Diani zikafunga milango.

Waliorudi walirudi kidogo kidogo, na muziki wao ulikuwa umebadilika. Kuanzia miaka ya 2000 kinanda cha umeme kilikuwa kimeshuka bei, studio ndogo zilikuwa zimefunguliwa Mombasa, na kanda ya injili ilikuwa biashara kama nyingine. Angela Chibalonza, aliyetoka Kongo ya mashariki na kuishi Kenya, alionyesha jinsi sauti moja yenye machozi inavyoweza kufika kila matatu kati ya Likoni na Lunga Lunga. Alifariki katika ajali ya barabarani mwaka 2007, na bado Jumapili asubuhi utamsikia. Waimbaji wa injili wa Kwale wakamfuata kwa njia mbili. Wengine walitafuta jina la peke yao, CD yenye picha yao mbele ya mnazi. Wengine waliimba kwa nyumba: mume na mke, mama na mabinti, ndugu wanne wenye fulana za rangi moja.

Hawa wa pili ndio ninaowafuatilia zaidi, ingawa majina yao hayavuki Kombani. Wengi wao wana mguu mmoja hotelini. Jumamosi usiku baba anapiga kinanda mbele ya wageni, pengine ule wimbo wa Severin, pengine ile zaburi ya Boney M. Jumapili saa tatu asubuhi yuko kanisani Mwamambi au Kona ya Musa, macho mekundu, anampa binti yake noti ya kuanzia. Mchungaji anajua na ananyamaza, kwa sababu kinanda kile kile kilinunuliwa kwa pesa za hoteli. Wapo wachungaji wasionyamaza, na wapo wanamuziki waliolazimishwa kuchagua. Manung'uniko yaliyowapata kina Staples Chicago yanasikika Ukunda, kwa Kiswahili.

Hoteli nazo zimebadilika kwa namna ambayo bendi ya ndugu watano isingeweza kuianza leo. Baada ya shambulio la kigaidi kwenye hoteli ya Kikambala mwaka 2002, fujo za uchaguzi wa 2007, tahadhari za usafiri za mwaka 2014, kisha kufungwa kwa hoteli mwaka 2020 wakati wa Korona, mameneja walijifunza kukata gharama, na muziki hukatwa kabla ya chakula. Mahali palipokuwa na watu watano sasa kuna mtu mmoja, kinanda na kompyuta yenye midundo tayari. Anaimba sauti ya kwanza, mashine inamwitikia. Hoteli nyingine zimemwondoa hata huyo. Kijana wa animesheni anachomeka fleshi kwenye spika. Mshahara wa mtu mmoja hautoshi kugawanywa na kaka, na kaka ameenda kuendesha tuktuk.

Kwa hiyo katika Kwale ya leo, atakayetaka kusikia ndugu wakiitikiana kwa sauti nne ataenda kanisani, ambako hakuna anayelipwa. Atakayetaka kusikia Jambo Bwana atakaa Diani mpaka saa mbili usiku, na huenda asimwone mwimbaji.